Mkataba wa utafiti au MMed kwanza?

Mdogo wangu, umeuliza kama uchukue mkataba wa miaka miwili kwenye utafiti wa chanjo ya malaria au uende MMed (shahada ya udaktari bingwa) moja kwa moja, na unaogopa mikono itapoa kwa kukaa mbali na wagonjwa. Chukua mkataba.

Wengi hudhani kazi hiyo ni kujaza fomu tu. Jaribio la chanjo ya malaria ya RTS,S, lililofanyika Bagamoyo, Korogwe na vituo vingine tisa Afrika, lilihusisha watoto 15,459. Watoto wakiugua, lazima awepo daktari wa kuwaona.

Kigumu zaidi ni ridhaa, yaani mzazi akubali mtoto aingie kwenye utafiti akiwa ameelewa anachokubali. Mwaka wangu wa kwanza nilimsomea mama mmoja fomu kurasa zote, akawa anaitikia tu "ndiyo, daktari". Nilipomwomba anieleze alichoelewa, akasema mtoto wake atapewa dawa bure. Nikaanza upya, safari hii karatasi nikaiweka kando. Asiyejua kusoma huweka dole gumba mbele ya shahidi asiye wa timu yenu. Hapo usikubali njia ya mkato hata bosi akiwa na haraka.

Kabla ya kusaini, omba uone kibali cha maadili cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) na idhini ya TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), uliza na nani atalipia mafunzo ya GCP, yaani kanuni za kuendesha majaribio ya tiba kwa watu. Zamu ya wodini kila wiki iandikwe kwenye mkataba, maana ya mdomo husahaulika (yangu ilisahaulika). Na tasnifu ya MMed, inayowatoa wenzako jasho, wewe utaikuta umeshazoea kazi yake.