Mradi wa mwaka wa mwisho: anza na umeme na vipimo

Kila mwaka wanafunzi wa uhandisi huja na wazo la umwagiliaji unaojiendesha: kihisi kwenye udongo, bodi ya Arduino au ESP32 (kompyuta ndogo inayosoma kihisi na kuamuru pampu), pampu ndogo, na ujumbe wa simu kwa mkulima. Wazo ni zuri na si aibu kulirudia. Kinachoiangusha miradi hii mbele ya watahini mara nyingi si programu. Ni umeme usiotosha, na namba ambazo mwenye mradi mwenyewe hawezi kueleza maana yake.

Kabla ya kununua chochote, andika swali linalopimika. "Kubuni mfumo wa kisasa wa umwagiliaji" halina jibu. "Je, mfumo unaweza kuuweka unyevu wa udongo tifutifu kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito kwa siku saba bila kuguswa?" lina jibu, na msimamizi wako atajua la kukudai.

Kihisi ndicho cha kukipa muda mwingi. Achana na kile cha bei rahisi chenye vidole viwili vinavyopitisha umeme kwenye udongo. Kikiachwa kimewashwa, shaba yake huliwa mapema na usomaji hupotoka. Chukua cha kapasita, ambacho hupima unyevu bila shaba yake kugusa udongo. Nacho kina udhaifu wake: kingo za bodi yake huwa hazijazibwa, maji hupenya. Zipake rangi ya kucha tabaka mbili, pamoja na sehemu ya juu yenye vifaa vya elektroniki, kisha iache ikauke kabisa.

Sasa kisawazishe, yaani linganisha usomaji wake na unyevu unaoujua. Chukua udongo wa shamba lenyewe, kama kilo 3, uukaushe kwenye oveni ya maabara kwa nyuzi 105 za Selsiasi kwa saa 24. Weka gramu 500 katika kila kimoja cha vyombo vitano vinavyofanana. Kimoja kiache kikavu. Vingine vinne tia maji gramu 25, 50, 75 na 100, changanya, funika hadi kesho yake. Hapo una unyevu wa asilimia 0, 5, 10, 15 na 20 ya uzito wa udongo mkavu. Shindilia vyote sawasawa, zamisha kihisi hadi mstari uleule, soma mara kumi kila chombo, chora grafu. Namba zitashuka kadiri udongo unavyolowa. Kihisi si kibovu, ndivyo kinavyofanya kazi. Wala grafu haitanyooka, na ukihamia udongo wa mfinyanzi itabidi uanze upya. Kazi hii ndiyo inayoutofautisha utafiti na kuunganisha nyaya tu.

Ukitumia ESP32 yenye Wi-Fi, kihisi kiunganishe kwenye pini 32, 33, 34, 35, 36 au 39. Pini nyingine za kusoma volti huacha kusoma mara tu Wi-Fi inapowaka, na watu hupoteza siku nzima wakitafuta kosa kwenye programu.

Upande wa umeme, moduli ya simu SIM800L inataka volti 3.4 hadi 4.4, na inapotafuta mtandao huvuta hadi ampea 2 kwa mshtuko. Pini ya volti 5 ya Arduino haiiwezi: itajizima na kuwaka bila kukoma. Tumia kishusha volti cha LM2596, kirekebishe hadi volti 4 kwa multimita kabla hujaunganisha, kisha weka kapasita (kifaa cha kuhifadhi umeme kwa muda mfupi) ya 1000 µF karibu kabisa na pini zake. Moduli hii ni ya 2G pekee, hivyo hakikisha mtandao huo upo unakofanyia majaribio.

Pampu ipe njia yake ya umeme kupitia rilei, yaani swichi inayowashwa na bodi, na nyaya hasi zote zikutane. Bila dayodi ya 1N4007 (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) sambamba na mota ya pampu, mstari uliochorwa kwenye dayodi ukiwa upande wa chanya, bodi itajizima na kuwaka upya pampu inapozimika.

Vitu vya bei ndogo nunua viwiliviwili, iwe Kariakoo, Dar es Salaam, au barabara ya Luthuli, Nairobi. Hamisha mzunguko kutoka bredibodi (ubao wa kuchomeka nyaya bila kulehemu) na kuulehemu wiki mbili kabla ya kuwasilisha, kwani nyaya zilizochomekwa hulegea njiani.

Kwenye ripoti, weka data yote ya siku saba. Kama siku ya nne unyevu ulishuka hadi asilimia 8, andika hiyo 8, saa iliposhuka, na sababu, hata kama ni ndoo ya maji kuisha. Watahini wataanza kuuliza hapo.