Kanda za HDV zinakwamisha kompyuta

SWALI: Shikamoo fundi. Nimerekodi harusi kwa kanda za HDV (zile za picha ya HD). Nikihariri, kompyuta inakwama, na wenye harusi wanataka DVD tu. Nifanyeje?
Mpiga video, Ngamiani, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. HDV hubana picha kwa mafungu yanayotegemeana, ndiyo maana mashine inahema. Iachie kamera kazi hiyo: kwenye menyu washa ugeuzaji wa HDV kuwa DV (video ya kawaida, isiyo HD), kisha ndipo uchomeke waya wa FireWire, ule wa kutoa video ya kamera kwenda kwenye kompyuta. Picha itatoka 720 kwa 576, saizi ya DVD ya PAL (mfumo wa TV wa kwetu); kanda yenyewe haiguswi. Andaa nafasi ya takriban GB 13 kwenye kompyuta kwa kila saa ya video. Kwenye programu ya kuhariri, mradi ufungue wa DV PAL, 16:9 (picha pana), la sivyo bwana harusi atarefuka kama mnazi. Kanda usizirekodie juu, hata wakishalipa (wakilipa!).