Perege anadona chambo lakini hanasi: tatizo ni nini?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina bwawa la samaki hapa Mvomero, Morogoro, la mita 10 kwa 15. Mwaka jana nilipandikiza vifaranga vya sato, aina ya perege. Nawalisha pumba za mahindi na maji nayarutubisha kwa samadi ya kuku. Sasa nataka kuvua wachache wa kitoweo kwa ndoana, bila kuvuruga bwawa zima. Boya linacheza, nikivuta nakuta ndoana tupu, chambo kimekwisha. Nikienda alfajiri ndiyo hawagusi kabisa, wako juu ya maji wanahema. Natumia ndoana namba 4 na mnyoo mzima. Baba mdogo ananiambia niongeze ukubwa wa ndoana. Nifanyeje? Na nikienda bwawa kubwa la Mtera mbinu ni hizo hizo?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Nianze na hao wanaohema alfajiri, maana hilo ni zito kuliko kitoweo.

Maji yaliyorutubishwa kwa samadi huwa ya kijani kwa sababu yamejaa mimea midogo isiyoonekana kwa macho. Mchana mimea hiyo hutoa oksijeni, usiku huitumia pamoja na samaki, na samadi inayooza nayo inachukua sehemu yake. Kunapopambazuka oksijeni iko chini kabisa. Samaki aliyepanda juu kutafuta pumzi hana habari na chambo chako, hata umwekee kitu gani. Simamisha samadi kwa wiki mbili hivi, punguza pumba, na kama una mfereji ingiza maji mapya. Chovya mkono ndani ya maji mpaka kwenye kiwiko: kama vidole vyako huvioni kabisa, rutuba imezidi.

Kwa hiyo usivue alfajiri. Anza saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, jua likiwa limeshapasha maji. Perege ni samaki wa joto, hula vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi 25 na 30. Yakishuka chini ya 20 anazubaa, na yakikaribia 16 anaacha kula. Kwenu si baridi kama Njombe, lakini kipupwe cha Juni na Julai utakihisi hata kwenye mshipi.

Sasa ndoana. Kwa heshima zote kwa baba mdogo, ushauri wake unamfaa kambale, mwenye kinywa kipana na anayemeza bila kuuliza. Sato ana kinywa kidogo. Chakula chake kikubwa ni mwani na vijidudu, vitu laini ambavyo huvikwangua au kuvivuta pamoja na maji. Kitu asichokijua hukidona kwanza, akakitema, akakidona tena. Mnyoo mzima kwenye namba 4 ni sawa na kumpa mtoto mdogo muhogo mzima: atautafuna kuanzia pembeni, na ndoana yako iko katikati. Tumia namba 10 au 12 (namba inavyopanda, ndoana inapungua). Kata nyungunyungu kipande cha sentimita moja, ukitunge hadi kifunike ncha. Au kanda ugali mgumu na unga kidogo wa ngano usije ukamumunyuka majini, ufinyange kidonge cha ukubwa wa punje ya hindi. Bwawani mimi hupenda zaidi ugali, maana samaki wako wameshazoea harufu ya mahindi.

Mshipi uwe mwembamba, nailoni ya milimita 0.20 inatosha. Boya nalo nakuomba ulitazame upya. Vijana wengi hukata kipande kinene cha kandambili, kikaelea kama meli, na samaki akivuta anahisi uzito na kutema. Chukua shina la unyoya wa bata au kipande chembamba cha bua la mtama, ufunge chubwi dogo la risasi chini yake hadi ibaki ncha tu juu ya maji. Pima kina ili chambo kiguse tope kidogo. Ukifanya hivyo utaona jambo ambalo wengi hulikosa: mara nyingi perege akiokota chambo chini, boya halizami bali linainuka na kulala ubavu. Hapo ndipo pa kuvuta, kwa kuinua kifundo cha mkono tu. Ukisubiri lizame, chambo kimeshaliwa.

Siku ya kuvua usiwalishe kwanza. Nenda saa ile ile ya chakula, nyunyiza konzi moja ya pumba zilizoloweshwa, kisha tupa mshipi pembeni ya pumba.

Lipo na suala la uzazi. Jike la sato hubeba mayai kinywani, na yakianguliwa huendelea kuwalinda wanawe humo humo, jumla kama siku 10 hadi 14, na muda huo karibu hali kitu. Dume ndilo linalochimba kiota kama sahani kwenye kina kifupi, na hulishambulia lolote linalotua humo. Ukiviona visahani hivyo ukingoni, teremsha chambo katikati yake. Utanasa madume, ambayo ndiyo makubwa.

Mtera mbinu ni hizo hizo, ila tafuta kandokando ya majani na visiki vilivyozama, na usiingie majini hata magotini. Kuna mamba na viboko, na kwenye maji yaliyotulia yenye konokono kuna kichocho. Pitia kwanza kwa afisa uvuvi wa halmashauri akueleze kuhusu leseni. Jike likitema mayai mkononi mwako huko, lirudishe majini.

Bwawani kwako usimrudishe. Nahisi wanaodona chambo hicho ni wadogo watupu. Sato anaanza kuzaa akiwa na miezi michache tu, na bwawa la mwaka mzima bila kuvunwa hujaa watoto wanaogombea pumba mpaka wote wanadumaa. Ndoana ndogo itakupa jibu. Vua 20, wapime, wapasue. Wakiwa na urefu wa kiganja na tayari wana mayai, wamedumaa, na ndoana peke yake haitakusaidia: kausha bwawa, uza wote, upandikize upya vifaranga madume watupu. Ukitaka jike na dume, ongeza vifaranga wachache wa kambale miezi miwili baadaye, wakiwa wadogo kuliko sato wako, ili wawale watoto watakaozaliwa. Niandikie vipimo vya hao 20 nikupigie hesabu ya vifaranga.