Umepangiwa shule ya kijijini Kongwa, Dodoma? Hela ya boma usiishike

Mleta uzi, hongera kwa ajira. Unasema umeripoti shule ya msingi kijijini, wazazi wanachangishwa hela ya boma (kuta za darasa zinazosubiri kuezekwa) ilhali elimu ni bila malipo, na mwalimu mkuu wako anataka wewe ndiye ukusanye. Kataa, ila kwa adabu.

Nimefundisha wilaya hiyo hiyo miaka minne, kuanzia 2017, kwenye shule shikizi. Kitongoji kiko mbali na shule mama, watoto wadogo hawafiki, basi wananchi wanaanzisha madarasa yao, awali hadi la pili. Ruzuku ya serikali ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na humo 4,000 hazifiki shuleni, zinabaki juu kwa ajili ya vitabu. Toa chaki na karatasi za mitihani, uone kama kuna darasa linalojengeka hapo. Ndiyo maana baba zao wanasomba mawe, mama zao wanabeba maji, boma likifika lenta, ile mihimili ya juu ya madirisha na milango, mnasubiri halmashauri ipaue. Letu lilipigwa na mvua misimu miwili, ukuta mmoja ukalala chini.

Mchango unapitishwa na mkutano mkuu wa kijiji, unakusanywa na serikali ya kijiji, kwa risiti. Ukishika wewe, siku bati zikipungua mwizi ni mgeni. Mwenzangu mmoja alikusanya kwa nia njema kabisa, akaishia kuomba uhamisho. Na mtoto harudishwi nyumbani eti baba yake hajachanga. Waraka wa elimu wa 2016 ulishalikataza hilo.

Ila mimi kilichonitesa si michango, ni ndege. Uwele ukianza kukomaa kweleakwelea wanashuka, na nusu ya darasa inahamia shambani kuwafukuza. Mwaka wa kwanza nilichapa fimbo, najuta. Mwaka wa pili nilimfuata mwenyekiti wa kitongoji, tukakaa na wazee, tukakubaliana watoto wa nyumba moja wapokezane: leo huyu shambani, kesho nduguye. Utoro haukuisha, lakini walau nilikuwa na wa kuwafundisha. Afisa elimu kata hakufurahi, maana daftari la mahudhurio halina safu ya ndege.

Jifunze kusema "mbukwenyi", salamu ya Wagogo, kabla ya kuleta hoja yoyote, na ukikaribishwa mlenda, kula. Debe la mahindi ya uji wa wanafunzi omba Juni watu wakishavuna. Ukienda kudai Februari utakuta vihenge vitupu, na utakuwa umejiharibia mpaka mwakani.