Fundi Silaha Anajibu: Mauser Mbili za Dallas na Kutu ya Kyotera

Safari hii barua tatu, na zote zinahusu bunduki za Mjerumani. Sijui mmekutana wapi. Kwa msomaji mgeni: mimi ni fundi silaha mstaafu, naishi Bombo, Uganda, na bunduki nilizozifungua maishani ni nyingi kuliko kuku niliowachinja.

*Afande, salaam. Mimi ni kijana wa Hoima, niko Dallas mwaka wa 11 sasa, na karatasi za ukaazi wa kudumu ninazo. Baba wa babu yangu alikuwa KAR, lile jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza, alipigana na Mjerumani mpakani Kagera. Nataka kununua bunduki ya Mjerumani niitundike sebuleni kwa mzee wangu. Muuzaji mmoja hapa ana Mauser mbili. Moja imeandikwa byf 43, anasema ilitekwa na Mrusi. Nyingine ni bnz 41, anasema namba zake zote zinapatana, na bei ni zaidi ya mara mbili ya ile ya kwanza. Nichukue ipi? – Mwana wa Hoima*

Mwanangu, nianze na kibaya: zote mbili si bunduki aliyokutana nayo baba wa babu yako. Hizo ni K98k, zilizoanza kutengenezwa 1935. Yeye aliachana na Mjerumani Novemba 1918, siku von Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini Abercorn, ambako leo ni Mbala, Zambia. Kule Kagera, aliyemlenga mwaka 1914 alikuwa askari mweusi kama yeye, anayepewa amri kwa Kiswahili kama yeye, na mkononi huenda alikuwa na Mauser ya mwaka 1871. Hiyo ni risasi ya milimita 11, nene kama kidole, na baruti nyeusi. Ukifyatua mara moja wingu jeupe linakuzunguka na kila adui anajua kichaka ulichomo. Kampuni nyingi za askari wa Mjerumani zilianza vita na chuma hicho. Waliponea kwa kuteka: Tanga peke yake, Novemba 1914, Waingereza waliacha bunduki 455, bombomu 16 na risasi laki sita.

Kwa hiyo kama nia ni kumkumbuka huyo baba wa babu, mwulize muuzaji wako kama ana ya 1871. Huko Marekani sheria ya serikali kuu inahesabu silaha iliyotengenezwa 1898 au kabla kuwa kitu cha kale, na usumbufu wake ni mdogo; sheria ya jimbo lako iulizie mwenyewe.

Najua lakini hukuniuliza hilo. Turudi kwenye zako mbili.

Byf ni alama ya siri ya kiwanda cha Mauser chenyewe, Oberndorf, na 43 ni mwaka. Bnz ni kiwanda cha Steyr, Austria. Wajerumani hawakutaka adui ajue kitu gani kinatoka wapi, ndiyo maana ya herufi hizo. Mrusi alipoziteka, kwa malaki, alizipeleka karakana, akazivua zote, bolti (lile komeo linalofunga risasi ndani ya chemba) rundo hili, vitako rundo lile, akazisafisha, akazichovya rangi nyeusi, mbao akazipaka vanishi nyekundu, kisha akarudisha bolti yoyote kwenye bunduki yoyote. Namba za vipande vilivyohamia akaziandika upya kwa kalamu ya umeme, hati yenyewe kama ya mtoto wa P2. Juu ya chemba mara nyingi utaona X ndogo. Halafu zikapakwa grisi zikalala ghalani miongo mingi, hadi zilipomwagika kwenye soko la Marekani miaka ya 2000. Muuzaji akikuambia imetekwa na Mrusi hakudanganyi, na hana sababu ya kudanganya: hiyo ndiyo ya bei ya chini.

Inayohitaji kuchunguzwa ni ile bnz 41. Namba za Mjerumani zilikwenda hivi: tarakimu zisizozidi nne, na chini yake, mara nyingi, herufi moja ndogo, na kila mwaka hesabu ilianza upya. Mtutu, chuma cha chemba na bolti hubeba namba nzima. Vitu vidogo, hadi skrubu, hubeba tarakimu mbili za mwisho. Mwombe picha ya kila moja, na mwambie avue mbao, kwa sababu kuna namba ndani ya kitako pia. Kisha angalia namba ya bolti kwa kioo cha kukuza. Bolti ndiyo inayodanganya. Mjanja anasaga namba ya zamani, anagonga mpya, na hapo chuma kinakuwa kimebonyea kidogo, au tarakimu 4 ya bolti haifanani na 4 ya mtutu. Alama ya tai, ule muhuri wa ukaguzi wa Mjerumani, vilevile. Muhuri wa 1941 umechakaa pamoja na chuma chake. Ukiona kingo kali za muhuri kwenye chuma kilicholainika kwa mikono ya watu, umegongwa juzi. Na akikuletea alama za SS, wale askari wa chama cha Hitler, kwa bei ya juu zaidi, kimbia. Hiyo ndiyo inayoghushiwa kuliko zote.

Mimi mwenyewe nimeliwa. Mwaka fulani, nikiwa bado kazini, nilinunua singe ya Mjerumani sokoni Kampala, shilingi 180,000 wakati ambapo hizo zilikuwa pesa. Namba ya upanga na namba ya ala vilipatana kabisa, nikafurahi wiki nzima. Baadaye nikagundua namba zote mbili zimegongwa kwa nyundo moja, siku moja, na mtu mmoja aliyekuwa akigonga 7 kwa kuiinamisha. Namba zilipatana kwa sababu zilizaliwa pamoja! Mke wangu anakatia matembele kwa singe ile mpaka leo.

Dalili mbili nzuri nikupe. Bunduki zilizoingizwa Marekani kibiashara baada ya 1968 hugongwa jina la mwingizaji, mara nyingi karibu na mdomo wa mtutu au chini ya chemba. Isiyo na muhuri huo huenda ililetwa na askari mwenyewe kutoka vitani. Ya pili: fungua zile pete zinazoshika mbao. Ukikuta mti umekatwa kwa msumeno na kuunganishwa tena, usiudhike. Askari wa Marekani walikata hivyo ili bunduki ienee kwenye begi au kifurushi cha kutuma nyumbani. Inashusha bei kidogo, lakini msumeno huo unasema kitu ambacho karatasi ya muuzaji haiwezi kusema.

Kama utapiga nayo, mpe fundi apime kwa geji nafasi kati ya bolti na risasi, hasa bolti ikiwa ya kuhamia. Na hakikisha ni ya risasi ya milimita 7.92 kweli. Norwei walizigeuza nyingine kuwa .30-06, Israeli wakazigeuza nyingine kuwa 7.62 ya NATO, na kwa nje ni ndugu mapacha. Ukitumia risasi za zamani za jeshi, osha mtutu kwa maji ya moto siku hiyohiyo, kwa sababu fataki zake huacha chumvi, na chumvi inakula chuma ukiwa umelala. Vijana wangu walikuwa wanacheka wakiniona na birika la chai kwenye ghala la silaha.

Kwa kuwa una ukaazi wa kudumu, ulizia leseni ya mkusanyaji: dola 30 kwa miaka 3, na bunduki zilizotimiza miaka 50 zitakufikia mlangoni.

Kuhusu sebule ya mzee wako kule Hoima, hapana. Kuna kibali cha kuitoa Marekani, kuna kibali cha kuiingiza Uganda, na kwa Sheria ya Silaha ya 1970 mzee hawezi kukaa nayo bila cheti cha polisi, kwa jina lake, baada ya barua kuanzia kwa mwenyekiti wa kijiji (LC1) na kupanda hadi kwa wakubwa wa usalama. Neno "pambo" halitakusaidia Entebbe. Bunduki inayoweza kupiga ni bunduki. Iweke Dallas kwenye kabati la chuma, umletee mzee picha kubwa yenye fremu. Kama ni lazima nichague: ya kupigia, chukua ya Mrusi. Bnz 41 ichukue tu kama muuzaji amekubali kuvua mbao. Akikataa, amekwisha kukujibu.

*Mzee, ni kweli kwamba tembo wa Karamoja waliuawa kwa Mauser? – Mwalimu, Moroto*

Kweli, mwalimu, ingawa zilipitia London. Mskoti mmoja, Bell, ambaye watu walimwita kwa jina la nchi yenu, aliwinda huko mwanzoni mwa miaka ya 1900 kwa bunduki za Rigby, duka la London lililotumia bolti ya Mauser. Risasi yake milimita 7 tu, ndogo kuliko ya AK kwa upana, na katika maisha yake aliangusha tembo zaidi ya elfu moja. Alisoma fuvu la tembo kama mchinjaji anavyosoma kiungo. Bunduki walizonunua wazee wenu wenyewe zilikuwa nyingine, zile za wafanyabiashara wa Ethiopia, waliozibadilisha kwa pembe.

*Afande, shemeji zangu walipobadilisha mabati ya nyumba ya marehemu baba mkwe hapa Kyotera, walikuta bunduki ya kutu darini na mkebe wa risasi. Dalali kutoka Mutukula anasema ni ya Mjerumani, ina thamani ya milioni nyingi kwa Wazungu. Mimi naogopa. – Mama Wawili*

Mama, unafanya vizuri kuogopa. Dalali huyo ni ndugu wa wale wanaouza ramani za dhahabu ya Mjerumani, na nina hakika kesho atakuuliza kama kuna cherehani ya zamani pia.

Katika barua yako, niliyoifupisha hapa, umeandika kwamba kisanduku cha risasi kimetokeza chini, mbele ya kifyatulio, na kwamba mbao zinafika hadi mdomoni mwa mtutu. Mauser ya Mjerumani ya vita vile vya pili, tumbo lake ni bapa, risasi tano zimefichwa ndani ya mbao. Yako ni ya Mwingereza, risasi kumi, .303, ile waliyobeba KAR na polisi wa kikoloni. Pangusa kwa kitambaa ile pete ya chuma nyuma ya bolti, bila kugusa kifyatulio. Nadhani utaona taji na herufi GR. Kwa mkusanyaji wa ng'ambo ni kitu cha kawaida sana, na hakuna njia halali ya dalali kumfikishia. Ila kwako wewe, ikikaa usiku mmoja zaidi, ni kesi.

Mwite mwenyekiti wa LC1 leo, nendeni wote kituoni mkaandikishe, polisi waje kuichukua wenyewe. Usiifunge shuka ukapanda nayo boda. Shemeji wasiivute bolti kuona kama inafanya kazi. Na ule mkebe wa risasi, ambao umesema mtoto ameuhamishia dirishani, jikoni, mtoe mtoto jikoni, mkebe uache.