Majibu kwa Wasomaji: Mshahara Uliokwisha Kuahidiwa

SWALI: Shikamoo Mama Mshauri. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Morogoro, nimeolewa na nina watoto watatu. Baada ya makato ya mkopo wa benki niliouchukua kumalizia nyumba, ninabaki na shilingi 430,000 kwa mwezi. Miezi minane iliyopita nilikopa shilingi 600,000 kwa mkopeshaji wa mtaani ili nilipe ahadi za harusi mbili pamoja na sare, naye anatoza asilimia 20 kwa mwezi. Kadi yangu ya benki anayo yeye. Mshahara ukitoka tunakwenda pamoja kwa wakala, anachukua 120,000 zake na kunikabidhi kilichobaki, lakini deni halipungui. Dukani kwa jirani ninadaiwa 85,000, na kila nikitumiwa fedha kwenye simu zinakatwa kufidia salio nililoazima. Mume wangu, ambaye ni fundi ujenzi, hajui lolote kuhusu mkopo huo wa mtaani. Sinywi pombe wala sipendi makuu. Nimekosea wapi, na nianzie wapi? Nafikiria kuomba topapu benki, yaani mkopo mpya juu ya ule wa zamani, nilipe wote kwa mkupuo.

JIBU: Marahaba, mwalimu. Tuanze na hesabu ambayo huenda hujawahi kuiandika mahali popote, kwa sababu ukiiandika itauma. Shilingi 120,000 kwa miezi minane ni 960,000. Maana yake umekwisha kumpa mkopeshaji 360,000 zaidi ya ulichokopa, na bado unadaiwa 600,000 zile zile, kwa kuwa kila ulichompa kilikuwa riba tupu na hakuna hata shilingi moja iliyogusa mtaji. Mwaka ukitimia hivi utakuwa umelipa 1,440,000 na deni liko palepale. Hakuna deni jingine katika barua yako linalofanana na hili kwa ukali, kwa hiyo hili ndilo la kulimaliza kwanza, hata kama mwenye duka ndiye unayekutana naye kila siku na kumwonea haya zaidi.

Topapu nakusihi uiache. Benki itakulipia salio la mkopo wa zamani kutoka ndani ya mkopo mpya, itaanza kuhesabu miaka upya, na utakachopewa mkononi kitakwisha siku hiyo hiyo kwa wadai. Nimepokea barua nyingi za walimu na wauguzi waliofuta madeni yao kwa njia hiyo, na baada ya muda wakawa na mkopo mrefu zaidi benki pamoja na mkopeshaji mwingine mtaani, kwa sababu kilichowafikisha kwa yule wa kwanza hakikuguswa. Kanuni ya kumwachia mtumishi wa umma angalau theluthi moja ya mshahara wake wengi wetu tumeigeuza kuwa ruhusa ya kukopa mpaka theluthi hiyo ifikiwe, ilhali iliwekwa ili mtumishi asikose hata nauli ya kwenda kazini.

Ikiwa wewe ni mwanachama wa SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo, ya walimu na akiba yako inakuruhusu, omba huko 600,000 za kumlipa mtu huyu, wala usiongeze hata elfu kumi juu yake. Tuchukulie riba ni asilimia 1.5 kwa mwezi juu ya salio na muda ni miezi kumi na miwili: mwezi wa kwanza utalipa mtaji 50,000 na riba 9,000, jumla 59,000, na riba itazidi kushuka kila mwezi. Kama si mwanachama, mwombe mkopeshaji kwa maandishi, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, akubali kupokea mtaji kwa mafungu. Una msingi wa kuzungumza naye. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, hata mtu binafsi anayefanya biashara ya kukopesha anatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu. Mwulize ya kwake iko wapi. Kadi uichukue na namba ya siri uibadilishe, kwani mtu anayeshika mlango wa mshahara wako ndiye anayeamua watoto wako watakula nini tarehe ishirini na tano.

Sasa nije kwenye swali lako la kwanza, ambalo ndilo zito. Unasema hupendi makuu, nami nakuamini. Lakini hukukopa kwa ajili ya chakula wala matibabu. Ulikopa kwa ajili ya ahadi. Kila aliyewahi kuwa kwenye kundi la WhatsApp la kamati ya harusi anaijua orodha ile: jina, ahadi, alicholipa, baki. Jina lako ni la thelathini na nne, mbele yake imeandikwa laki moja, kisha sifuri, kisha laki moja tena. Orodha inarushwa upya kila Jumapili jioni, wenzako wa shuleni wamo, mawifi wamo, na kila inaporushwa baadhi ya majina yamewekewa alama ya tiki na lako bado. Fedha zile hazikutumika siku ulipokwenda kwa mkopeshaji. Zilitumika usiku ule ulipoandika “niwekeeni laki” wakati mfukoni ulikuwa na elfu kumi na mbili, na kilichobaki baada ya hapo kilikuwa kutafuta tu atakayekupa za kulipia. Kwa maoni yangu madeni mengi ya watu wenye mshahara katika nchi yetu yanazaliwa hapo, katika kinywa kinachoona aibu kusema “sina”, kuliko yanavyozaliwa sokoni.

Sikuambii ujitoe katika jamii. Michango ndiyo iliyomzika baba wa jirani yako na ndiyo itakayokusaidia wewe siku ukipatwa, na anayeidharau hajui anachokidharau. Ninachokuomba ni kuacha kabisa kuahidi, na badala yake kutoa. Tenga fungu la michango kila mwezi, ulipeleke mahali pa peke yake, na kamati ikikufikia jibu palepale kwa kiasi kilichomo: “Nina elfu ishirini, naituma sasa hivi, naomba msiniandike ahadi.” Sentensi hiyo itakuwa ngumu mara ya kwanza, uiseme bila maelezo marefu, maana ukianza kueleza utajikuta umepandishwa. Sare usinunue mwaka huu, vaa kitenge ulicho nacho, na kama harusi ni ya mtu wa karibu peleka mikono yako jikoni tangu alfajiri, jambo ambalo wenye shughuli hulikumbuka kuliko kadi ya laki. Msiba nauweka kando kwa sababu haupigi hodi. Fungu lako lisipotosha, uende hata na kidogo. Harusi, kipaimara na send-off hujulikana miezi kadhaa kabla, kwa hiyo hazina sababu ya kutukuta hatuna.

Mkopo wa SACCOS ukikubaliwa, kutakuwa na tofauti ya 61,000 kati ya 120,000 za leo na 59,000 za mwezi wa kwanza. Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu fedha hizo zina sura ya nyongeza ya mshahara. Wewe tayari unaishi kwa 310,000 baada ya mkopeshaji kuchukua chake, kwa hiyo endelea kuishi kwa kiasi hicho hicho: 25,000 zimwendee mwenye duka, na deni lake litakuwa limekwisha kabla mwezi wa nne haujaisha, 15,000 ziwe fungu la michango, 21,000 ziwe akiba ya dharura, ambayo ndiyo itakayokuzuia kurudi mtaani mtoto akiugua. Daftari la mkopo pale dukani lifungwe leo, kabla hujaanza kulipa, la sivyo utakuwa unapunguza kwa mkono mmoja na kuongeza kwa mwingine. Mwenye duka akishalipwa, 25,000 zake zinunue dumu la mafuta na unga wa kutosha siku ya mshahara, kwa sababu anayenunua mafuta kwa kipimo kidogo na sukari robo robo analipa zaidi kwa kila lita na kila kilo kuliko anayenunua kwa jumla. Huduma ya kuazima salio, kama vile Songesha, lipa inachokudai kisha ujiondoe. Ikiwa haipo kwenye simu hutaifikiria saa nne asubuhi unapotaka chapati na chai.

Kuhusu mume wako nitasema wazi: mwambie. Fundi ujenzi hana mshahara wa tarehe maalumu, anapanga kwa kukisia, na anapokisia anahesabu kwamba una 430,000 wakati una 310,000. Inawezekana kabisa na yeye ameahidi watu kwa kutegemea fedha zako. Andika madeni yote kwenye ukurasa mmoja, chini yake mpango wa kuyalipa, kisha mpe asome watoto wakiwa wamelala. Ataudhika, na ana haki ya kuudhika, lakini atakuwa anaudhika akiwa na karatasi yenye njia ya kutokea, na huko ni mbali sana na kuyasikia siku mkopeshaji atakapokuja kugonga mlango.

SWALI: Mama Mshauri, mimi ni karani katika kampuni ya mizigo Mombasa. Kila mwezi, zikifika tarehe kumi na nane hivi, huchukua shilingi 10,000 za M-Shwari, mkopo wa simu, na kulipa mshahara unapoingia. Sijawahi kuchelewa, na kikomo changu kimeongezwa mara kadhaa. Rafiki yangu asema hiyo ni tabia mbaya. Ubaya wake ni upi, ilhali nalipa?

JIBU: Rafiki yako ana haki, ndugu yangu, ingawa kosa lako ni la mtu mwaminifu. Ada ya mkopo huo ni asilimia 7.5, yaani shilingi 750 kwa kila elfu kumi. Ukikopa kila mwezi, kwa mwaka unalipa 9,000 ili ushike elfu kumi zile zile ambazo, kama zingekuwa zako, zingekaa tu mfukoni. Kuongezewa kikomo nako usikuchukulie kuwa sifa kwa namna unavyotunza fedha. Mkopeshaji anakuambia tu kwamba yuko tayari kukudai zaidi.

Usiache ghafla, kwa sababu mwezi wa kwanza utakosa karibu elfu kumi na moja kwa mpigo na utarudi kukopa. Mwezi ujao kopa 9,000, unaofuata 8,000, hivyo hivyo ukishuka. Mwezi wa kwanza utaishi kwa pungufu ya elfu moja tu kuliko ulivyozoea, na pungufu hiyo itapungua kadiri ada inavyoshuka, hadi mwezi wa kumi ambapo hutakopa kitu. Wakati huo huo chunguza kinachotokea kati ya tarehe moja na tarehe kumi na nane, maana shida yako iko huko.

SWALI: Nilikopa 100,000 kwenye aplikesheni ya simu, nikapokea 70,000 na kupewa siku saba. Niliposhindwa nilikopa kwenye aplikesheni ya pili kulipa ya kwanza, na sasa niko ya tatu. Wameanza kuwatumia ujumbe watu walio kwenye simu yangu, akiwemo mama mkwe. Nikope wapi ninyamazishe haya? Niko Dar es Salaam.

JIBU: Usikope popote. Wanaotuma ujumbe huo wanajua kwamba utalipia aibu kwa bei yoyote, na kila ukikopa kuizima unawathibitishia. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya aplikesheni na majukwaa 69 ya mikopo yaliyokuwa yakiendeshwa bila leseni, kwa hiyo angalia kama waliokukopesha wamo. Kusambaza habari za deni lako kwa watu wengine kunagusa pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Hifadhi picha za ujumbe wote kabla hujafuta kitu.

Andika ulichopokea mkononi kutoka kwa kila mmoja, si kile wanachodai, na ulipe kwa mafungu kutoka kwenye kipato chako, ukianza na mwenye leseni. Ondoa ruhusa ya aplikesheni hizo kuona majina yaliyo kwenye simu yako, ingawa waliyokwisha kuyachukua hayatarudi. Watu hao wapigie wewe mwenyewe, uwaambie unadaiwa, kiasi gani, na kwamba unalipa. Uanze na mama mkwe leo jioni, kabla hajapokea ujumbe wa pili.