Ficha Dude Lako: Niliyojifunza Baada ya Kuchekwa Kibanda Umiza

Juzi msomaji mmoja ameniandikia: "Kaka, nina laki sita na kamera ya kuazima. Nataka kutengeneza filamu ya dude linalotoka baharini. Inawezekana?" Mdogo wangu, mimi nilianza na laki nne.

Nianze na aibu yenyewe. Dude langu la kwanza lilikuwa godoro. Sponji kuukuu, tumelikata kwa kisu, tukalipaka rangi ya kijani na kulibandika macho ya mipira ya pingpong. Fundi niliyempa advansi alizima simu mpaka leo, kwa hiyo nililishona mwenyewe na binamu yangu. Miezi ya kurekodi na kuediti siisimulii, haina utamu. Siku ya kuonyesha tukakodi kibanda umiza, kiingilio mia tano, pakajaa. Dakika ya tatu dude likatokea. Mtoto aliyekaa mbele akauliza kwa sauti: "Mama, lile si godoro?"

Banda zima likalipuka. Walicheka mpaka wapita njia wakaingia bure kuona kulikoni. Na mtu niliyemwita rafiki akakirekodi kile kicheko, akakitupa kwenye grupu la wasanii. Video hiyo ninayo. Sijaifuta.

Nikajifungia ndani, nikaanza kutazama filamu za madude za Wamarekani za miaka ya 1950, zile za enzi za hofu ya bomu la atomiki, zilizotengenezwa kwa pesa kidogo sana. Huko ndiko nilikokutana na ndugu zangu. Mwaka 1957 ilitoka The Giant Claw, ya ndege mkubwa kutoka anga za mbali. Waigizaji walikuwa hawajamwona huyo ndege. Walikuwa wanatoa macho kuitazama hewa. Mwigizaji mkuu, Jeff Morrow, akaenda kuitazama hiyo filamu kwenye ukumbi wa sinema wa mji wao. Kumbe ndege ni kikaragosi chenye shingo ndefu na manyoya yaliyosimama kama nywele za mtu aliyeamshwa usiku. Kila kikitokea watu wanacheka. Morrow akanyanyuka taratibu, akatoka kabla filamu haijaisha. Niliposoma habari hiyo nilisimama peke yangu chumbani nikapiga makofi.

Roger Corman naye, mwongozaji bingwa wa bajeti ndogo, aliumbuka. Katika It Conquered the World ya 1956 alikuwa na kiumbe wa kutoka sayari ya Zuhura. Akapiga hesabu akidhani kule uvutano ni mkubwa, basi kiumbe awe mfupi, aliyekaa chini kama kobe. Hesabu nzuri, ingawa uvutano wa Zuhura ni mdogo kidogo kuliko wa kwetu. Mwigizaji wake, Beverly Garland, akasimama mbele ya lile dude, akaliangalia kwa chini, akalicheka. Ikabidi liongezwe kimo. Hata hivyo mwishoni likatolewa pangoni mchana kweupe, na huo mchana ndio uliolimaliza.

Sasa sikilizeni, maana najua wote mnaosoma hapa mnataka kuona majina yenu kwenye skrini: kinachowachekesha watu ni dude linalokaa kwenye mwanga muda mrefu. Umaskini wako hawana habari nao. Ray Harryhausen, fundi wa madude ya filamu, alimtengeneza pweza wa It Came from Beneath the Sea, 1955, akiwa na mikono sita badala ya minane, kwa sababu pesa ilibana. Mikono mingi muda mwingi iko majini. Nani atahesabu? Ficha dude.

Na kabla ya kulificha, jiulize linatisha kwa nini. Machi 1, 1954, Marekani ililipua bomu la haidrojeni kule Bikini, visiwa vya Bahari ya Pasifiki, majivu yakawaangukia wavuvi 23 wa Kijapani waliokuwa kwenye mashua yao. Mmoja wao akafa Septemba. Novemba mwaka huohuo filamu ya Kijapani Gojira (Godzilla) ikaingia kumbini, na inaanza na nini? Na mashua inayoteketea baharini. Dude lenyewe ni mtu ndani ya vazi zito, lenye uzito wa kilo 100 hivi, maana kupiga picha ya sanamu fremu moja moja, kama alivyofanya Harryhausen, kungechukua muda ambao hawakuwa nao. Lakini nani Tokyo angemwambia mama yake lile ni vazi?

Mimi hofu yangu nikaitafuta mtaani kwetu. Tunaishi bondeni, mvua za masika zikija tunalala tumekaa. Kwa hiyo dude la filamu yangu ya pili linakuja na mafuriko, usiku, na taa pekee ni ya bodaboda. Unasikia maji, unaona uso wa bibi anayelitazama, basi. Mwezi uliopita tumeionyesha banda lilelile. Hakuna aliyecheka, na mwanamama mmoja alivua viatu akapandisha miguu kwenye benchi. Wale wa kwenye grupu sasa wananiita "mkongwe". Nawasoma tu, sijibu.

Kwa hiyo mdogo wangu wa laki sita: usimpe fundi hela yote. Nunua taa moja, mtafute bibi mwenye uso unaojua kuogopa, na hilo dude lifiche. Nimesema tena, lifiche. Langu la godoro bado liko juu ya kabati, halina macho. Mipira ya pingpong niliibandua nikaitumia kwenye filamu ya pili, sekunde mbili tu, gizani, chini ya maji.